Usiniambie Turubai ya Babu Si "Orijino"

Wasee, likizo hii nilienda Osiri kumwona babu na nikajipata katikati ya vita ya familia. Haikuwa vita ya shamba wala ya mahari. Ilikuwa vita ya paa la gari.

Kwa wale hawajui Osiri, ni huku Nyatike, kaunti ya Migori, ile sehemu inatajwa kwa habari kila mara stori ya dhahabu ikitoka. Ukisikia Osiri Matanda, fikiria mashimo, mashine za kusaga mawe zikinguruma toka asubuhi, na turubai kila mahali. Turubai imefunika mdomo wa shimo ili mvua isiingie. Turubai ndiyo kibanda cha chai. Turubai ndiyo kitanda cha mtu aliyetoka zamu ya usiku. Kwa hivyo iliniuma kusikia mtu wa huku huku, baba yangu mdogo, akisema mbele ya mzee kwamba turubai ni ya maskini na gari ya heshima lazima iwe na bati.

Gari yenyewe ni Land Rover Series III, ile fupi, milango miwili, nyuma mnakaa mkitazamana. Babu aliinunua mkono wa pili mwaka 1986 kutoka kwa mwalimu aliyekuwa anahamishwa. Tangu hapo imebeba mahindi, samaki, kwaya, wagonjwa na majeneza. Paa lake ni turubai inayovutwa juu ya vyuma vilivyopinda kama upinde, inafungwa kwa kamba pande zote, na ukitaka unaikunja yote, gari inabaki wazi. Mwaka huu turubai ilifika mwisho. Ilikuwa inavuja hadi babu anaendesha akiwa amevaa koti la mvua ndani ya gari.

Baba mdogo alitaka ichomelewe bati. Binamu yangu wa Nairobi, yule anapenda magari ya kale kuliko masomo, akapiga simu akasema apana, hiyo itakuwa dhambi, tuagize turubai "orijino" kutoka Uingereza. Wakabishana kwa lauspika ya simu mpaka babu akazima simu yenyewe.

Mimi niko upande wa tatu, na ndiyo sababu ya hii posti. Nadhani wote wawili walikuwa wamekosea historia.

Tuanze na baba mdogo na bati lake. Hili wazo la kwamba kitambaa ni hatua ya chini na chuma ndiyo maendeleo linaonekana kama akili ya kawaida, lakini angalia magari yalivyokuja. Ford Model T ilipotoka 1908, watu wengi waliinunua ikiwa wazi, na paa la kitambaa la kukunja. Hata Marekani kwenyewe, mwaka 1919, ni kama gari moja tu kati ya kumi ilikuwa imefungwa pande zote. Kufikia 1927 mambo yalikuwa yamegeuka kabisa, zilizofungwa zikawa zaidi ya nne kwa kila tano. Ilichukua miaka nane tu! Na hata hizo zilizofungwa, ungepanda juu ya paa ungekuta katikati kuna kitambaa kilichopakwa dawa na kutandikwa juu ya mbao, kwa sababu viwanda havikuwa na uwezo wa kukanda bati moja pana la kufunika gari yote. General Motors walileta paa la chuma kipande kimoja kwenye magari yao ya 1935, na wakalitangaza kama muujiza. Kwa hivyo mababu wa tajiri yeyote unayemjua walipanda gari yenye kitambaa kichwani, na hakuna aliyewaita maskini.

Land Rover nayo ilionyeshwa watu mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Vita vilikuwa vimeisha juzi tu, Uingereza chuma kilikuwa kinagawanywa kwa kipimo, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Juu wakaweka turubai. Ilikuwa gari ya mkulima. Mkulima anataka kupakia kitu kirefu, anakunja paa, anapakia, anaenda. Na siku ya sherehe za kitaifa, rais akiingia uwanjani amesimama akiwapungia watu, huwa amesimama kwenye gari ya aina gani? Iliyo wazi. Hii nilimwambia baba mdogo akanyamaza kidogo, halafu akasema rais hanyeshewi na mvua ya Nyatike. Sawa, hapo alinipata.

Binamu ndiye alinisumbua zaidi, kwa sababu kosa lake linafanana na maarifa. Yeye anafuata kurasa za magari ya kale, na kila mwaka anaenda kuona yale mashindano ya urembo wa magari Nairobi, Concours d'Elegance, ambayo wenye Alfa Romeo waliyaanzisha 1970. Huko gari linakaguliwa mpaka uvunguni. Mimi pia napenda kwenda, nisidanganye. Lakini kule amejifunza neno moja ambalo sasa analirusha kila mahali: orijino. Kwake orijino ni kitu kilichotoka Uingereza. Kitu kilichoshonwa Migori ni "cha kubahatisha".

Sasa nikamuuliza, gari ya babu ni orijino ya wapi? Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 Land Rover zilikuwa zinaunganishwa Thika, kiwanda cha Leyland Kenya. Vipande vilikuja kwa makasha, watu wa Thika wakaviunganisha. Na mambo ya kumalizia gari hapa hapa ni ya zamani kuliko Thika. Miaka ya 1920 walowezi wengi hawakuagiza gari nzima, walinunua injini na chasisi, halafu mafundi wa hapa, wengi wao Wahindi, wakaweka juu bodi ya mbao kama sanduku. Barabara zetu zilikuwa zinaua bodi laini za Ulaya. Vijana Waafrika waliingia karakana hizo kama wasaidizi, wakashika nyundo, wakashika sindano, na wengi baadaye wakatoka kujitegemea nje, chini ya jua. Hapo ndipo jina jua kali lilitoka. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya kuchunguza ajira, wakaandika ripoti ambayo ilifanya dunia nzima ianze kuzungumza juu ya hii sekta ambayo haikuwa kwenye vitabu vya serikali. Mwaka 1985 Moi akawatembelea mafundi wa Kamukunji, na kilichofuata ni vibanda vya kuwakinga na jua. Yaani watu waliokuwa wanatengenezea magari mapaa, wenyewe ndio walisubiri paa mpaka hapo.

Na usisahau mathree. Kabla ya hizi nganya zenu za taa na runinga, matatu nyingi zilikuwa pikapu, Peugeot 404 hasa, zimewekewa nyuma fremu na turubai au bodi ya mbao na mabati. Kenyatta aliporuhusu matatu zifanye kazi bila leseni ya biashara ile, mwaka 1973, mtu aliyekuwa na pikapu alihitaji vitu viwili haraka: benchi na paa. Nani alizitengeneza? Hakuna aliyesubiri turubai orijino kutoka Ufaransa. Babu anasema safari ya kwenda Homa Bay siku hizo ulijua umefika kwa vumbi lililoingia mdomoni kupitia pindo la turubai, si kwa kuona nje.

Sasa, turubai ya babu.

Tuliifungua jioni, mimi na babu, tukaitandaza uani. Mimi nilidhani tunatoa takataka. Babu akaanza kutembea juu yake bila viatu, polepole, akisimama hapa na pale, kama mtu anayesoma. Nikachukua simu nikaanza kupiga picha kila kiraka. Niliyoyaona nitayaeleza vizuri maana ndiyo yaliyonibadilisha.

Kwenye mshono mkuu, uzi wa kwanza ulikuwa pamba, umeoza, ukiugusa unakatika kama majani makavu. Juu yake, kwa mashimo mengine, mtu alikuwa ameshona tena kwa uzi wa nailoni. Si wa fundi nguo. Ni ule wa kutengenezea nyavu. Ukiwa karibu na ziwa hivi, uzi wenye nguvu unaoupata haraka ni wa mvuvi. Na pembeni ya uzi huo kitambaa kilikuwa kimekatika mstari mzima, safi kabisa. Baadaye fundi alinieleza kwamba uzi ukiwa na nguvu kuliko kitambaa, kila gari ikitikisika uzi unakuwa msumeno. Yaani dawa ndiyo iliyoua.

Upande wa dereva kulikuwa na kiraka cha plastiki nene, kimegeuzwa ndani nje. Nikakigeuza. Nusu ya tabasamu la mtu, na herufi VERNOR. Bango la kampeni! Hapo nikafikiria kama wale wa somo la historia: Kenya hatukuwa na magavana wa kaunti kabla ya katiba ya 2010, na uchaguzi wa kwanza wa magavana ulikuwa 2013. Kwa hivyo kiraka hakiwezi kuwa cha kabla ya kampeni hizo. Nikamwambia babu, naye akacheka, akasema huyo mtu hakuwahi kumsaidia kwa lolote isipokuwa kuzuia mvua upande huo.

Nyuma kabisa, karibu na mahali abiria wanashikilia, kulikuwa na kiraka cha tatu. Kitambaa cha kaki, kimeshonwa kwa mkono, kwa sindano ya magunia. Mishono mikubwa lakini imelingana kama meno. Babu akasimama hapo muda mrefu. Halafu akasema, "Hiyo ni ya dani yako."

Ilikuwa mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998. Barabara zilikatika, na mama mmoja wa jirani alikuwa na uchungu wa kuzaa. Turubai ilikuwa imechanika nyuma. Dani, ambaye mimi sikumkuta akiwa hai, alikata kaptula ya shule ya mmoja wa watoto wake, akaketi chini ya mwangaza wa taa ya mafuta, akashona, ndipo wakampakia yule mama. Kaptula ilikuwa ya baba mdogo. Ndiyo, huyo huyo wa bati. Alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, na ndiyo mara ya kwanza alijua kaptula yake ilienda wapi. Alikuwa amechapwa shuleni kwa kuipoteza.

Vita ya bati iliishia hapo. Hakuna aliyemshinda mwenzake kwa hoja. Aliingia tu ndani.

Lakini vita nyingine ikaanza, na hii ilikuwa ngumu kuliko ile. Tulipeleka turubai kwa fundi mjini Migori, mtu anayeshona viti vya matatu na mapazia ya malori. Akaipindua mara mbili tatu, akasema kazi inawezekana, ila lazima afumue hii ya zamani yote, kipande kwa kipande. Ndivyo kazi ya paa la kitambaa hufanywa kila mahali, iwe Land Rover au gari ya michezo ya mamilioni: la zamani ndilo linakuwa kipimo cha jipya. Unafumua mishono, unatandaza kila kipande juu ya kitambaa kipya, unachora kwa chaki, unaongeza pindo, unakata. Ukipima gari kwa futi peke yake utakosea, kwa sababu kitambaa hakikai juu ya vyuma kama karatasi. Kimevutika kwenye kona, kimelegea katikati.

Kufumua kulimaanisha kutoa kiraka cha dani. Babu akasema hapana.

Mimi wakati huo nilikuwa naona sawa kabisa, hiki ni kitu cha makumbusho, kisiguswe. Fundi hakubishana. Akaweka chai chini, akamuuliza, "Jaduong', unataka turubai ya kuangalia ama ya kuingia nayo barabarani?" Babu akafikiri. Mwishowe wakakubaliana hivi: sehemu ya nyuma isifumuliwe, fundi aichore nzima kwenye karatasi za mifuko ya saruji zilizounganishwa kwa gundi, akikisia mvutiko kwa mkono. Zile sehemu nyingine zifumuliwe. Babu mwenyewe akaomba wembe. Akafumua uzi wa nyavu wote, kwa mkono wake, akiwa ameketi kwenye kiti cha matatu ambacho hakikuwa na gari. Ilichukua asubuhi nzima.

Halafu kitambaa. Kuna ile turubai ya plastiki ya malori, ina rangi kali, haipitishi maji hata tone, na ni rahisi. Fundi alisema ataishona tukitaka, ila kwa gari ya watu si nzuri: haipumui, asubuhi inatoa jasho ndani kama chupa, na ukiikunja kunja kwa miaka michache inapasuka kwenye mikunjo. Ile ya pamba nzito ni ghali zaidi na inahitaji kutunzwa, lakini inapumua. Babu akachagua pamba. Mimi nilifikiria kitu kimoja cha ajabu hapo. Hii Nyanza Kusini ya kwetu ililima pamba tangu enzi za mkoloni. Kendu Bay na Homa Bay palikuwa na viwanda vya kuchambua pamba, na Kisumu baadaye tukawa na KICOMI ya kufuma nguo, mpaka ikafungwa na vijana wa leo wanaijua kama jina tu la mahali. Sasa kupata mita chache za kitambaa kizito cha pamba ilibidi fundi apige simu Nairobi. Yaani uniambie tena juu ya orijino.

Kushona kwenyewe kulikuwa na vitu ambavyo singejua. Kila mshono unakunjwa mara mbili ili ncha ya kitambaa isibaki wazi kunywa maji. Uzi ukawa wa pamba tena. Niliuliza kwa nini arudie uzi uliooza. Akasema uzi wa pamba ukilowa unavimba na kuziba tundu la sindano, wa nailoni hauvimbi. Na ukizeeka unakatika wenyewe kabla haujakata kitambaa, halafu unashona tena. Pete za shaba za kupitisha kamba akaziweka juu ya kitambaa kilichokunjwa mara tatu. Akaacha turubai kubwa kidogo kuliko gari, kwa sababu pamba mpya hujikunyata ikinyeshewa mara ya kwanza. Ukiikaza sana siku ya kwanza, mvua ya kwanza itang'oa pete.

Kazi yote iligharimu chini ya nusu ya kile binamu alikuwa amepigiwa hesabu, bila kuweka ushuru wa bandarini. Nilimtumia video. Alijibu kwamba mikunjo ya kona haifanani na ya kwenye kitabu. Ni kweli, haifanani. Kona za kitabu ni za gari iliyotoka kiwandani. Gari ya babu ina upinde mmoja uliopindwa tena miaka ya nyuma baada ya kugonga tawi la mwembe, na fundi aliushonea upinde huo, si ule wa kitabuni.

Hapo ndipo mimi na wapenzi wa magari ya kale tunaachana kidogo. Mnajua namba ya injini, mnajua rangi ilikuwa na kodi gani, mnajua nani aliendesha gari gani Safari Rally mwaka gani. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, mnazikariri kama tebo ya hesabu. Lakini ukiuliza nani alishona paa la ile 404 iliyobeba mamako shule, kimya. Injini ya gari ya babu ilitengenezwa mara moja. Paa limetengenezwa na kurekebishwa miaka arobaini, na mikono yote niliyoweza kuihesabu ilikuwa ya huku: mvuvi au rafiki wa mvuvi, mke wa mwenye gari, mtu aliyeiba bango, na sasa fundi wa viti. Kama orijino maana yake ni mahali kitu kilipotoka, basi hilo paa limetoka hapa.

Turubai ya zamani, ile sehemu iliyobaki, imekunjwa iko juu ya kabati la babu. Nilitaka kuifremu, akakataa.

Tuliifunga mpya siku ya Jumamosi. Babu akaikaza kamba moja moja akizunguka gari, nami nikimfuata nikijifanya nasaidia. Jumapili usiku mvua ikaja, ile ya Nyatike isiyobisha hodi. Tukakimbia na tochi kuangalia, na kweli, matone yalikuwa yanaingia kwenye mshono wa katikati, tap, tap, tap, juu ya kiti cha dereva. Baba mdogo, bila neno, akaenda jikoni akarudi na karai, akaliweka pale kitini, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Babu akasema, "Mpatie dakika chache, pamba inakunywa kwanza." Tukasimama hapo chini ya mlango wa nyuma tukisikiliza. Matone yakapungua. Yakasimama.

Asubuhi karai lilikuwa na maji ya kujaza kikombe, na baba mdogo alikuwa ndani ya gari anafungua kamba, akisema anataka kuona ikiwa wazi kabla sijarudi Nairobi.